Utafiti wa malaria na upungufu wa damu kwa watoto, delta ya Rufiji: tupangeje safari kutoka Dar?

Mwanafunzi wa Upanga

Wakuu, habari za majukumu. Tuko timu ya watu 7 hapa Dar, tunaandaa utafiti wa kaya kwenye vijiji vya visiwani vya delta ya Rufiji, wilaya ya Kibiti: kata za Salale, Kiongoroni, Maparoni na jirani zake. Walengwa ni watoto wa miezi 6 hadi 59. Kila mtoto anapimwa mRDT (kipimo cha haraka cha malaria), hemoglobini kwa mashine ndogo ya HemoCue, na matone mawili yanawekwa kwenye karatasi ya kukaushia damu kwa ajili ya PCR (kipimo cha maabara cha vinasaba vya kimelea) hapa Dar. Mlezi anajibu dodoso kwenye kishikwambi.

Mpango ulivyo sasa: fomula imetupa watoto 385, tukafanya 400, yaani vitongoji 20 na watoto 20 kila kitongoji. Majina tutayatoa kwenye rejesta za zahanati. Boti moja kutoka Nyamisati, siku 10, mwishoni mwa Aprili. Msimamizi amesaini, ila ameniambia niulize kwa waliozoea maeneo ya maji kabla ya kulipia chochote. Nawasikiliza: wapi patavunjika?

Hesabu za Kaya

Mkuu, nianze na hiyo 400, maana ikiwa imekosewa hapo hata boti ikienda vizuri haitakuokoa.

385 inatokana na 1.96² × 0.5 × 0.5 ÷ 0.05². Hesabu hiyo inadhani kila mtoto amechaguliwa peke yake kutoka orodha moja ya delta nzima. Ninyi mnachagua vitongoji kwanza. Watoto wa kitongoji kimoja wanaumwa na mbu wale wale na wanatumia zahanati ile ile, hivyo mtoto wa 20 anaongeza kidogo sana juu ya wale 19 wa mwanzo. Lazima uzidishe kwa athari ya muundo: 1 + (m − 1) × r, ambapo m ni idadi ya watoto kwa kitongoji na r ni kiwango cha kufanana kwao. Ukiweka r = 0.05, ambayo kwa malaria ni ya upole, m = 20 inakupa 1.95. Watoto wako 400 wanabaki na uzito wa watoto 205, na ukingo wa makosa unapanda kutoka asilimia 5 hadi karibu 7.

Sasa wachukue watoto hao hao 400 uwatawanye vitongoji 40, kila kimoja 10. Athari inashuka hadi 1.45, uzito unakuwa wa watoto 276, na ukingo ni asilimia 5.9. Hujaongeza hata mtoto mmoja. Ukitaka asilimia 5 kamili na kufidia asilimia 10 watakaokosekana, ni 384 (ile 385 kabla ya kupandishwa) × 1.45 ÷ 0.9, watoto 619 kwenye vitongoji 62. Ukibaki na 20 kwa kitongoji, wanafika 832.

Rejesta za zahanati usizitumie kuchagulia. Mtoto ambaye hajawahi kufikishwa kliniki ndiye hasa unayemtafuta, na humo hayumo. Orodha za walengwa wa TASAF, mfuko wa kusaidia kaya maskini, nazo zinakuletea kaya maskini peke yake. Anza na daftari la wakazi la mtendaji wa kijiji, kisha lihakiki: mtu mmoja wa timu na mwenyekiti wa kitongoji wapite nyumba hadi nyumba siku moja kabla ya upimaji, waandike kila kaya na kila mtoto wa chini ya miaka 5. Vitongoji vyenyewe vichague kwa uwiano wa idadi ya kaya. Jumlisha kaya kwa mfululizo. Tuseme jumla ni 3,200 na unataka vitongoji 40, hatua yako ni 80. Chagua kwa kura namba ya kuanzia kati ya 1 na 80. Ikitoka 37, vitongoji vyako ni vile vinavyobeba kaya ya 37, 117, 197, na kuendelea.

Nyumba ikikutwa imefungwa, rudi mara mbili kwa saa tofauti. Usihamie nyumba ya jirani. Wadodosaji wanapenda sana huo ujanja, na kila wanapoufanya wanaongeza watu wa kukaa nyumbani na kuwapunguza wa shambani.

Mikoko na Maji

Hesabu za Kaya yuko sahihi kwenye karatasi, ila vitongoji 62 kwa boti moja ni ndoto. 40 inawezekana kama boti ni mbili na siku zinafuata maji.

Hapo ndipo mpango wenu una shimo. Hamjataja bamvua (siku maji yanapojaa na kupwa sana) wala maji mafu (siku yanapojaa na kupwa kidogo), mmeandika "siku 10" tu kana kwamba ni safari ya Morogoro. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu. Siku hizo pwani yetu maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na kupwa kabisa karibu saa 4 asubuhi. Yaani muda mnaotaka kufanya kazi, vijito vidogo vimekauka na boti imelala kwenye tope. Maji mafu, ambayo hufuata mwezi nusu, ni kinyume chake: yanajaa karibu saa 4 asubuhi, na hata yakipwa hayashuki sana. Kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi, na ukiwa ndani zaidi ya mto maji yanakufikia kwa kuchelewa. Kwa hiyo pangeni vitongoji vya ndani ya vijito vyembamba kwenye maji mafu, na vijiji vilivyo kwenye mito mipana viwekeni bamvua. Siku za bamvua laleni kijijini, msijaribu kwenda na kurudi. Jedwali la maji la bandari ya Dar linatosha kupangia. Nahodha wa huko atawarekebishia.

Aprili achaneni nayo. Ni katikati ya masika, na zaidi ya mvua kuna mpunga. Ndege na nguruwe wakianza kuushambulia, kaya zinahamia mashambani na kulala kwenye madungu (vibanda vya kulindia shamba), watoto wakiwemo. Mtakuta vijiji vina wazee na kufuli. Na wale wa kwenye madungu mara nyingi ndio wanaolala bila chandarua, kwa hiyo ukiwaacha unapata malaria ndogo kuliko iliyopo. Kuna na wavuvi walio dago (kambi ya uvuvi), wengine na familia zao. Muulizeni mtendaji madago ya kijiji chake yako wapi, yaingizeni kwenye orodha kama sehemu ya kitongoji wanakotoka.

Juni au Julai ni afadhali: maambukizi baada ya masika bado yapo, mvua imekatika. Shida yake ni upepo wa kusi, unaovuma kwa nguvu kwenye midomo ya mto. Ndani ya mikoko haisumbui, lakini kuvuka milango iliyo wazi kwa bahari fanyeni asubuhi mapema kabla upepo haujaamka.

Mafuta: injini ya nguvu farasi 40 ikisukumwa kikamilifu hunywa takriban lita 15 hadi 20 kwa saa. Kama ni ya mipigo miwili, changanya lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, au uwiano ulioandikwa kwenye kitabu chake. Gawa mafuta mafungu matatu: moja la kwenda, moja la kurudi, moja haliguswi. Nunueni yote kabla ya kuacha barabara ya Kilwa. Kijijini hupimwa kwa chupa, bei iko juu na mara nyingine yana maji. Bebeni plagi za akiba, pini ya pangaboi na kamba ya kuwashia. Jaketi okozi moja kwa kila mtu, na liwe limevaliwa, si kukaliwa.

Tone la Tatu

Naongezea ya upimaji, maana data nyingi za hemoglobini zinafia kwenye kidole.

Pashia mkono wa mtoto joto kwa kuusugua. Tumia pembeni ya kidole cha tatu au cha nne. Mchanga mwenye vidole vidogo mno, kisigino. Safisha kwa spiriti na USUBIRI ikauke, spiriti ikichanganyika na damu inaharibu kipimo. Toboa mara moja kwa nguvu ya kutosha. Tone la kwanza lifute kwa pamba kavu. Tone la pili au la tatu liende HemoCue, takriban maikrolita 10, kikombe kidogo cha kipimo kijae kwa mvuto mmoja bila hewa ndani. Linalofuata ni la mRDT, maikrolita 5. Ya mwisho ni karatasi. Damu ikigoma kutoka, usikamue kidole: kinachotoka ni maji ya mwili yaliyochanganyika na damu, hemoglobini inashuka na unampa mtoto mzima upungufu wa damu asio nao. Toboa tena, kwa ruhusa ya mlezi.

Unyevu wa delta ni adui. Kama mnaweza kuchagua mashine, chukueni HemoCue 301, vikombe vyake vinavumilia joto hadi nyuzi 40 na unyevu. Vya 201 vinataka nyuzi 15 hadi 30, na mkebe ukisahaulika wazi vinaanza kudanganya bila kuonyesha dalili yoyote. Andikeni tarehe ya kufungua juu ya kila mkebe. Kila asubuhi mpimeni mtu mmoja kwa mashine zote, tone moja moja kutoka kidole kile kile. Mashine inayotoa jibu tofauti na nyingine siku hiyo haitumiki hadi ikaguliwe.

mRDT: namba ya mtoto na saa ya kuanza ziandikwe kwenye kaseti kabla ya damu. Bafa (kimiminika cha kipimo) ya pakiti hii isitumike kwa kaseti za pakiti nyingine, hata kama kampuni ni moja. Soma kwa dakika zilizoandikwa na mtengenezaji, nyingi ni 15 au 20. Kusoma baada ya saa nzima kunazaa mistari ambayo haikuwepo. Mstari hafifu ni chanya. Mstari wa udhibiti usipotokea, kaseti ni batili, rudia. Mtu mmoja asiendeshe zaidi ya kaseti 4 kwa mpigo. Pia kumbukeni vipimo vinavyosoma HRP2 (protini ya kimelea cha malaria) hubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya mtoto kupona, kwa hiyo dodoso lazima liulize kama alitumia dawa mseto ya malaria ndani ya mwezi uliopita.

Vipimo visizidi nyuzi 30, au kiwango kilichoandikwa kwenye boksi. Gari lililofungwa juani Mbagala likisubiri foleni linapita hapo haraka. Tumieni kontena la kupoozea lenye vibarafu vilivyoanza kuyeyuka, ukivitikisa usikie maji ndani. Kibarafu kilichotoka moja kwa moja kwenye friza kinagandisha bafa.

Karatasi za damu: duara lijae kwa tone moja kubwa, lipenye hadi nyuma, usiongeze juu ya lililoanza kukauka. Zilazwe bapa kivulini kwa saa 4 angalau. Kwenye delta ni salama zaidi kuziacha usiku kucha. Funika kwa chandarua cha sahani, maana nzi, sisimizi na mende wanakula damu hiyo, na mende hula hadi duara zima. Zikikauka, kila moja kwenye mfuko wake wa zipu, pakiti 2 au 3 za silika jeli za gramu 1, na kadi ya kuonyesha unyevu. Kadi ikigeuka kutoka buluu kuwa waridi, badilisha silika siku hiyo hiyo. Mkifika Dar, nyuzi −20.

Na kama fedha ya PCR bado haijathibitishwa, acheni karatasi kabisa. Kumtoboa mtoto kwa sampuli itakayolala kwenye friza miaka 3 si haki.

Mwanafunzi wa Upanga

Asanteni sana, hapa nimepata zaidi ya nilivyotegemea. Tunahamia Juni mwishoni, vitongoji 40, boti mbili. Fedha ya PCR ipo. Mambo mawili yamebaki. Kwanza vibali: kamati ya maadili ya chuo imeshatoa cheti, kuna mwenzetu mmoja raia wa Uholanzi. Pili, wenyeji wametuonya kuhusu habari za mumiani. Tunazijibuje?

Barua na Muhuri

Vibali kwanza. Ulizeni kamati yenu kwa maandishi kama protokoli inahitaji pia kibali cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu); kukiwa na mgeni na sampuli za damu, msikisie. Mholanzi anahitaji kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) kabla hajagusa data, na cha ukaazi kinafuata hicho. Sampuli yoyote ikitoka nje ya nchi, hata "nusu duara tu la kuhakikisha ubora", lazima kuwe na mkataba wa kuhamisha sampuli.

Halafu mnashuka ngazi: TAMISEMI, Katibu Tawala wa Mkoa wa Pwani, Mkurugenzi wa Halmashauri ya Kibiti na nakala kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, watendaji wa kata, watendaji wa vijiji, wenyeviti wa vitongoji. Angalizo la barabara: ofisi ya mkoa iko Kibaha, barabara ya Morogoro, na Kibiti iko kusini barabara ya Kilwa. Barua ya mkoa ifuatilieni wiki kadhaa kabla. Kuna timu huanza safari kwa imani kwamba "tutaichukua njiani", haiko njiani. Kila ngazi wekeni nakala 3, moja igongwe muhuri na kurudi nanyi.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawahusu. Majina na majira ya nukta (GPS) ya kila kaya yatenganishwe na majibu usiku ule ule, na seti itakayoshirikishwa isiwe na majira ya nyumba. Kwenye kitongoji chenye kaya 25, "mama wa watoto 6, mfuma mikeka" ni jina tosha.

Tone la Tatu

La mumiani halijibiwi kwa hotuba ya kukanusha. Ukisema "sisi si wanyonya damu" kwenye mkutano, umewapa habari ya kuondoka nayo. Jibu ni namna mnavyofanya kazi.

Mkutano wa kijiji ufanyike kabla, mtendaji na mhudumu wa afya ngazi ya jamii wakiwa mbele, nanyi pembeni. Onyesheni vifaa vyote, mtoboe mtu mzima wa timu hadharani, na wasomeeni wote hemoglobini ya huyo aliyetobolewa. Semeni kiasi: mRDT 5, HemoCue 10, duara mbili za 50, jumla maikrolita 115. Hiyo haifiki sehemu ya 40 ya kijiko cha chai. Semeni wazi kwamba karatasi zinakwenda maabara Dar, zitapimwa nini, na zitateketezwa lini. Pimeni barazani au chini ya mti, mlezi akiwa amempakata mtoto; kamwe msifunge mlango. Majibu ya mRDT na hemoglobini mlezi aondoke nayo papo hapo, yakiandikwa kwenye kadi ya kliniki. Msiende usiku kumtafuta mtoto aliyekosekana, hata kama ni wa mwisho kwenye orodha.

Matibabu yawe tayari kabla ya tone la kwanza. Kubalianeni na Mganga Mkuu wa Wilaya ni nani atatoa ALU (ile dawa mseto), na mwe na tabibu mwenye leseni kwenye kila boti. Kilo 5 hadi chini ya 15 ni kidonge 1 kwa dozi, 15 hadi chini ya 25 ni vidonge 2. Dozi 6 kwa siku 3, ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, pamoja na chakula chenye mafuta, hata tui la nazi. Msitegemee akiba ya zahanati. Mkipima watoto 400 mtaimaliza na kuwaacha wagonjwa wa kawaida mikono mitupu.

Hemoglobini chini ya gramu 7.0 kwa desilita, au mtoto asiyeweza kunywa, mwenye degedege au aliyelegea: rufaa siku hiyo hiyo. Lile fungu la tatu la mafuta ni pamoja na safari hiyo, na boti ya rufaa haisubiri mdodosaji amalize fomu. Kwa uchambuzi, kumbukeni WHO ilibadili viwango 2024: miezi 6 hadi 23 upungufu ni chini ya 10.5, miezi 24 hadi 59 ni chini ya 11.0. Tafiti za zamani zilitumia 11.0 kwa wote. Tunzeni namba ghafi, mtoe majedwali yote mawili, la sivyo mtasema upungufu umeshuka kumbe kilichoshuka ni kipimo.

Hesabu za Kaya

Dogo dogo za kishikwambi. Fomu iwe ya Kiswahili tangu mwanzo, isitafsiriwe papo kwa papo. Wekea ukomo: hemoglobini kati ya 3.0 na 18.0, tarehe ya kuzaliwa itoke kwenye kadi ya kliniki, na kama haipo tumia kalenda ya matukio ya kijiji, msiandike "miaka 2" tu. Betri ya akiba ya 20,000 mAh kiuhalisia inatoa kama 12,000 hadi 13,000, yaani mara 2 na nusu kwa kishikwambi cha 5,000. Mtandao ukiwepo jioni tumeni; usipokuwepo, nakili kwenye kadi ya kumbukumbu inayolala boti tofauti na kishikwambi.

Mikoko na Maji

Vya mwisho kununua Kariakoo: mifuko isiyopitisha maji ya lita 20, minne kwa boti, turubai, na ndoo zenye mfuniko wa kukaza kwa karatasi za damu. Visanduku vya sindano vikijaa robo tatu vifungwe, virudi Kibiti kwenye kichomea taka cha hospitali. Msichome wala kufukia kijijini. Na huyo nahodha, mlipeni kwa siku, siyo kwa safari. Ukimlipa kwa safari atakuharakisha uondoke kabla maji hayajapwa, na nyumba zilizofungwa asubuhi hutazirudia.